Kifafa na pepo wa Marko 9: jibu kwa shangazi wa Morogoro

Swali: "Mtoto wa kaka yangu ana miaka 11 na anaanguka kifafa tangu akiwa mdogo. Hospitali walimwanzishia dawa, kuanguka kukapungua sana. Mwezi uliopita mchungaji wa wifi yangu alimfungulia Marko 9, akamwambia mtoto ana pepo bubu, dawa zinampa pepo pa kujificha, na kwamba mtoto afunge siku tatu na kukesha kanisani ili afunguliwe. Wifi ameshaacha kumpa dawa. Mimi ni Mkristo, naamini Yesu alitoa pepo, kwa hiyo sina la kumjibu. Je, ni kweli Biblia inasema kifafa ni pepo? Na Yesu na mitume walikuwa wanatoaje pepo?"

Jibu: Dada yangu, kuna jambo lisiloweza kusubiri mpaka mwisho wa jibu hili. Mtoto apelekwe kliniki yake leo au kesho asubuhi, na daktari aelezwe wazi kuwa dawa zilikatwa na tangu lini. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla, mgonjwa anaweza kupata kifafa kinachofululiza bila kukatika, na hicho kinaua. Kukosa usingizi nako ni kichocheo kinachojulikana cha kuanguka, na njaa ya siku tatu kwa mtoto mgonjwa inamdhoofisha zaidi. Mambo matatu aliyoagizwa, kuacha dawa, kufunga na kukesha, yote yanamsukuma kuelekea hatari ileile. Namna ya kuzirudia dawa ni daktari atakayesema. Yanayofuata hapa ni ya fani yangu, Agano Jipya, ili uwe na la kumwambia wifi yako ukiwa umeshika Biblia ileile anayoishika yeye.

Nianze kwa kumtendea haki mchungaji. Hakubuni. Mtoto wa Marko 9 anatupwa chini, anatoka povu, anasaga meno na kukauka. Baba yake anasema hali hiyo ilianza utotoni, na kwamba mara nyingi imemtupa motoni na majini. Yeyote aliyeishi na mgonjwa wa kifafa anaitambua picha hiyo mara moja, hasa ule moto. Huko huko mkoani kwenu, Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa wengi wa kifafa wenye makovu ya kuungua, wakitengwa na jamaa zao, akafungua kliniki kwa ajili yao. Mathayo anaposimulia kisa hicho hicho katika sura ya 17, baba anasema waziwazi kuwa mwanawe ana kifafa, kisha Yesu anamkemea pepo na mtoto anapona. Kwa hiyo msijaribu kumjibu mchungaji kwa kusema kuwa Injili haizungumzi habari za pepo hapo. Inazungumza.

Tatizo linaanza pale anapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa kila mtoto. Mathayo huyo huyo, katika 4:24, anawapanga wagonjwa walioletwa kwa Yesu kutoka Siria yote: wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Ameyataja makundi matatu. Mwandishi anayeamini kuwa kila kifafa ni pepo hana sababu ya kuwataja mara mbili katika mstari mmoja. Kwake yupo mwenye kifafa ambaye pia ana pepo, kama yule wa sura ya 17, na wapo wenye kifafa ambao hawana.

Ukiona mfano huo hautoshi, tazama ububu. Pepo wa Marko 9 anaitwa bubu na kiziwi, na katika Mathayo 9:32 analetwa mtu bubu mwenye pepo. Pepo akitoka, bubu anasema. Sasa rudi Marko 7:31-37. Huyu naye ni kiziwi na hasemi vizuri. Yesu anamtenga na umati, anamtia vidole masikioni, anatema mate, anamgusa ulimi, anatazama juu mbinguni na kusema "Efatha", yaani, Funguka. Pepo hatajwi, wala hakuna anayekemewa. Hali ni ile ile kwa macho ya watazamaji, lakini Marko anaweka chanzo tofauti na Yesu anatumia njia tofauti. Kama waandishi wa Injili wenyewe hawakuruka kutoka kwenye dalili hadi kwenye pepo, mchungaji wa leo anapata wapi uhakika wa kuruka? Mama mkwe wa Petro alikuwa na homa, akashikwa mkono akainuliwa. Mwanamke wa kutokwa damu miaka 12 aliambiwa imani yake imemponya. Bartimayo kipofu aliulizwa anataka nini. Hakuna kati yao ambaye Marko anasema alikuwa na pepo.

Kuhusu kufunga siku tatu. Baada ya mtoto kupona, wanafunzi wanamuuliza Yesu faraghani mbona wao walishindwa. Naye anajibu: "Namna hii haiwezi kutoka kwa neno lo lote, isipokuwa kwa kuomba." Wengi wetu tumezoea kusikia "kuomba na kufunga", kwa sababu nakala nyingi za baadaye zina maneno hayo mawili ya ziada. Nakala mbili kongwe zinazotegemewa sana, zile zinazoitwa Sinaitikasi na Vatikanasi, zote za karne ya 4, hazina "na kufunga" katika Marko 9:29. Mstari unaofanana nao, Mathayo 17:21, haumo kabisa katika nakala hizo, ndiyo maana Biblia nyingi huuweka ndani ya mabano au huushusha chini ya ukurasa. Inaelekea wanakili wa kanisa la kale, ambalo lilithamini sana kufunga, waliongeza yale waliyokuwa wakiyatenda.

Lakini tuseme mchungaji anashikilia maneno hayo, na ana haki ya kuyaheshimu kwani yamesomwa kanisani karne nyingi. Basi ayasome yote. Swali ni la wanafunzi walioshindwa, na jibu ni lao. Anayepaswa kuomba ni mtumishi. Anayepaswa kufunga, kama ni kufunga, ni mtumishi. Mtoto mgonjwa hakuagizwa chochote, si siku ile wala baada yake. Na palipo na mtoto dhaifu mikononi mwa Yesu, tunajua alichoagiza: binti Yairo alipoinuka, Yesu aliamuru apewe chakula. Ni Marko huyo huyo, 5:43. Ningekuwa karibu na wifi yako, huu ndio mstari ningeanza nao.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, ambayo ndiyo pana zaidi.

Yesu hakuwa mtu pekee aliyetoa pepo katika nchi ile. Yeye mwenyewe anawaambia wapinzani wake, "wana wenu huwatoa kwa nani?" Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinasimulia jinsi pepo Asmodeo alivyofukuzwa kwa moshi wa moyo na ini la samaki. Katika mapango ya Kumran, kando ya Bahari ya Chumvi, zilipatikana nyimbo za kuwakinga watu na pepo, na mojawapo ni Zaburi ya 91, ambayo hata leo inabandikwa milangoni kwetu. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anaeleza kuwa alimshuhudia mtu aitwaye Eleazari akitoa pepo mbele ya Vespasiano, jemadari wa Kirumi aliyekuja kuwa Kaisari, na askari wake: alimwekea mgonjwa puani pete yenye mzizi chini ya muhuri, akamvuta pepo kupitia pua, akamwapisha asirudi huku akitaja jina la Sulemani, na kuweka karibu chombo cha maji ambacho pepo aliamriwa akipindue akitoka ili watazamaji waamini.

Ukishasoma hayo, ukirudi kwenye Injili utashangazwa na upungufu wa vitu. Hakuna mzizi, pete, moshi, mafuta wala maji. Kuapisha kwenyewe hakumo. Katika Marko 5 anayeapisha ni pepo: "nakuapisha kwa Mungu usinitese." Pepo ndiye anayetumia lugha ya wapunga pepo, akijaribu kumzuia Yesu nayo, wala haimsaidii. Katika sinagogi la Kapernaumu Yesu anasema, "Fumba kinywa, mtoke." Imekwisha. Kwa mtoto wa Marko 9: "Ewe pepo bubu na kiziwi, mimi nakuamuru, mtoke huyu, wala usimwingie tena." Binti wa mwanamke Msirofoinike hakuwepo hata mahali pale, mama alirudi nyumbani akamkuta amelala kitandani, pepo amekwisha kumtoka. Watu wa Kapernaumu walishangaa kwamba anaamuru tu, na pepo wanamtii. Mamlaka ilikuwa katika neno lake.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo maombi mengi ya kufunguliwa siku hizi yanapoachana na Injili. Katika makanisa mengi pepo "anapandishwa" makusudi, kisha anahojiwa mbele ya kipaza sauti: unaitwa nani, umetoka wapi, nani amekutuma, umekuja kufanya nini katika mwili huu? Na mgonjwa, akiwa amechoka na kutetemeka, anataja jina la bibi, la mke mwenza, la jirani. Nimeona familia zilizovunjika kwa jibu la namna hiyo, na wazee waliotengwa na wajukuu wao kwa sababu pepo "alimtaja". Katika Injili zote nne Yesu anamuuliza pepo swali moja tu, mara moja tu: jina lako nani? Jibu ni Legioni, jina la kikosi cha Kirumi chenye maelfu ya askari, na katika nchi iliyokuwa chini ya mabuti ya Roma kila msikilizaji alielewa uzito wake. Haulizi nani aliwatuma. Kwingine anawafunga vinywa wanapoanza kusema, hata wanaposema kweli. Na nenda toka Mathayo hadi Ufunuo, hutakuta mgonjwa mmoja ambaye pepo wake anasemekana alitumwa na binadamu mwenzake. Mtumishi anayemwambia wifi yako kuwa fulani amemtupia mtoto pepo anaongeza jambo ambalo maandiko hayana.

Hayana pia kumlaumu mgonjwa. Wapo watu ambao Yesu anawaambia dhambi zao zimesamehewa, kwa mfano yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini. Lakini wenye pepo katika Injili hawaambiwi watubu kwanza, hawaulizwi walifungua mlango gani, wala wazazi wao hawaulizwi walitambika wapi. Wanachukuliwa kuwa wameonewa. Yule wa Gerasi, aliyekuwa na Legioni, watu wa mji wake walikuwa wakimfunga kwa pingu na minyororo, akaishi makaburini akijikatakata kwa mawe. Baada ya Yesu kupita wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Anaomba amfuate Yesu, naye anamwambia arudi nyumbani kwa watu wake. Anaagizwa awasimulie yale Bwana aliyomtendea, si kutangaza huduma ya mtu.

Jingine, tena zito: tazama ni nani anayetumia nguvu katika visa hivi. Anayemtupa mtoto chini, anayemtia kifafa, anayempasua, anayemtupa motoni, daima ni pepo. Katika Matendo 19, wana saba wa Skewa walipojaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa ya kununua, pepo aliwajibu, "Yesu namjua na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?" Kisha mtu yule akawarukia akawashinda, wakakimbia uchi na majeraha. Kipigo kipo katika Agano Jipya, na kimetoka upande huo. Katika Marko 9 Yesu anamgusa mgonjwa mwishoni tu: alimshika mtoto mkono, akamwinua, akasimama. Mahali popote panapompiga mtoto, kumfunga kamba, kumkandamiza kifua au kumnyima chakula ili pepo atoke, anayeigwa si Yesu.

Na fedha. Mathayo 10:8 inaweka agizo la kutoa pepo na sharti lake katika mstari mmoja: toeni pepo, mmepata bure, toeni bure. Kule Filipi Paulo alimtoa pepo wa uaguzi kijakazi mmoja, na waliogombana naye ni mabwana wa yule msichana waliokuwa wakipata faida nyingi kwa uaguzi wake. Pepo alikuwa akiingiza pesa. Kutolewa kwake kulikata mapato. Kama mmeombwa sadaka ya kufunguliwa au kununua maji na mafuta, someni Matendo 16 pamoja.

Utauliza: je, mitume walilifanya hili kuwa kazi kuu ya kanisa? Injili ya Yohana haina kisa hata kimoja cha kutoa pepo; humo "una pepo" ni tusi ambalo watu wanamtupia Yesu. Paulo, katika orodha zake za karama, anataja uponyaji na kupambanua roho, lakini hakuna barua yake inayoagiza washirika wafanye ibada za kutoa pepo. Ahadi ya Marko 16:17, kwamba kwa jina la Yesu watatoa pepo, iko katika mistari 12 ya mwisho ambayo nakala zile mbili kongwe nilizozitaja hazina. Sisemi hivyo ili kuifuta huduma hiyo. Wakristo wa karne ya 2 na ya 3 waliitenda, na Yustino Mfiadini na Tertuliano waliitaja mbele ya wapagani kama uthibitisho wa imani yao. Mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma alihesabu katika kanisa lake watu 52 wakiwa wapunga pepo, wasomaji na wangoja milango, pamoja na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa. Kazi hiyo ilikuwa na watu wake waliowekwa na kusimamiwa. Kanisa Katoliki mpaka leo, katika kanuni ya 1172 ya sheria zake za 1983, halimruhusu padri kumpunga pepo mtu bila idhini ya wazi ya askofu. Mchungaji mmoja kuamua peke yake juu ya mtoto wa mwenzake, bila daktari, bila wazee wa kanisa, baba mzazi asipoulizwa, ni jambo ambalo kanisa la kale lisingelitambua.

Kuhusu dawa kumpa pepo pa kujificha: hakuna andiko. Nimelitafuta dai hilo kila ninapolisikia, na mwenye kulisema hajawahi kunionyesha sura na mstari. Ninachokiona ni kinyume chake. Katika Wakolosai 4:14 Paulo anamwita Luka tabibu mpendwa. Msamaria mwema alimtia majeruhi mafuta na divai kwenye jeraha, na ndiye Yesu anayetuambia tukafanye vivyo hivyo. Yoshua bin Sira, kwa mnaosoma vitabu vyote vya Biblia ya Katoliki, anasema katika sura ya 38 kuwa Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini na mwenye busara hazidharau. Tena anataka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu sahihi. Mtoto wenu alikuwa ameanza kuifuata njia hiyo. Umesema mwenyewe kuanguka kulipungua sana alipokuwa akimeza dawa. Mtu anayemwombea Mungu mtoto angemshukuru kwa hilo.

Wifi yako huenda anaogopa zaidi jambo ambalo hukuniandikia: kwamba akirudi hospitali atakuwa amekosa imani, na mtoto asipopona kosa litakuwa lake. Msomee sehemu ya baba katika Marko 9. Yesu anamwambia yote yawezekana kwake aaminiye, naye baba analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ni ungamo la mtu ambaye imani yake haitoshi na anajua haitoshi. Yesu hamrudishi akajipange, wala hamwekei siku. Anamponya mtoto hapo hapo. Kama kuna waliokemewa siku ile, ni kizazi kisichoamini na wanafunzi walioshindwa. Mzazi hakutwishwa mzigo.

Kwa hiyo usimpeleke wifi yako mahali pa kuchagua kati ya kliniki na kanisa. Mwambie mchungaji aje nyumbani, amwombee mtoto mchana, mama na baba wakiwepo, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, dozi yake ikiwa imemezwa kwa saa yake. Akiomba dakika tano kwa jina la Yesu amefanya yote ambayo Injili inamtaka. Akikataa kuomba mpaka dawa ziachwe, tafuteni mwingine wa kumwombea, na kaka yako kama baba wa mtoto alizungumze hilo na wazee wa kanisa bila kuchelewa. Mkifika kliniki chukueni na daftari la tarehe alizoanguka tangu dawa zikatwe, ilichukua muda gani kila mara na kama alijiumiza, daktari atalihitaji.